Upande Usio na Vumbi

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya kazi ambayo ukiwaeleza watu wanadhani unawatania. Alikuwa anachagua mahali pa kujenga viwanda. Hakuwa anajenga, hakuwa anaendesha mashine, wala hakuwa anauza chochote. Kampuni ikitaka kiwanda cha sabuni, cha mabati au cha chupa, yeye ndiye aliyetangulia. Alikaa sehemu kwa miezi, akaangalia maji yanatoka wapi, ardhi inabeba uzito kiasi gani, lori litapita wapi mvua ikinyesha, na upepo unavuma kuelekea kwa nani. Kisha aliandika maoni yake, akafunga begi, akaondoka. Siku wakubwa wanapokata utepe na kupigwa picha, yeye alikuwa mji mwingine kabisa, kwenye chumba cha kupanga, anachovya mkate kwenye chai.

Mama alikuwa akisema kaka yake amewatafutia watu wote mahali isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa anasema kwa hasira, maana alimpenda na hakujua la kumfanya. Nyumbani kwetu kulikuwa na kiti kilichoitwa cha mjomba, na kusema kweli paka alikikalia zaidi ya mwenyewe.

Hakuoa, na sababu ilikuwa kazi. Ilikuwa na sharti moja gumu: usiseme umekuja kufanya nini. Watu wakinusa tu kwamba kampuni inatafuta eneo, kila kichaka kinapata wenyewe wanne na kesi mahakamani. Kwa hiyo mjomba kila alikokwenda alikuwa mtu mwingine. Mahali pamoja alikuwa mpima barabara, pengine mtu wa visima, pengine mwalimu mstaafu aliyeambiwa na daktari abadilishe hewa. Hakuweza kumkaribisha jirani ndani kwa sababu mezani kulikuwa na ramani. Alizoea kula peke yake, kuugua peke yake, na kujichekea peke yake redio ikisema jambo la kuchekesha.

"Nitamwambiaje mwanamke nampenda, na hata kazi yangu haijui?" aliniambia siku moja.

"Mjomba, wanaume wanadanganya makubwa kuliko hayo, na wana wake na watoto."

"Basi wana roho ngumu," akasema, na hakucheka. Nilijuta kumtania.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hiyo hakufundishwa na mtu. Vipimo vya upepo vya kampuni alikuwa navyo, vile vya kuzunguka, lakini alivyoviamini ni vitambaa. Alikata vipande vya kitambaa cheupe, akavifunga juu ya nguzo sehemu mbalimbali, akaviacha juani kwa miezi. Kitambaa kilimwonyesha upepo unaelekea wapi, na akikishusha na kukisugua kwa kidole gumba kilimwonyesha upepo umebeba nini. Tena hakupanga chumba mahali pazuri. Alipanga pale ambapo moshi wa kiwanda ungeangukia, kama kiwanda kingejengwa. Alisema huwezi kumpelekea moshi mtu ambaye hujawahi kumsalimia asubuhi.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kiwanda cha saruji. Palikuwa na kilima cha mawe ya chokaa, na kwa upande mmoja wa kilima kulikuwa na mtaa: nyumba za mabati zilizobanana, kijito, barabara ya lami, nguzo za umeme, nyumba ya wageni, na kando yake kiwanja kikubwa cha wazi ambacho kampuni ilikuwa imeshakimezea mate. Upande wa pili wa kilima hapakuwa na kitu. Palikuwa na miiba na nyoka, na njia ya miguu ambayo hata mbuzi waliipita wakilalamika. Kampuni ilitaka kile kiwanja, na ilimtuma mjomba zaidi ili aseme ndiyo kwa lugha ya kitaalamu.

Akapanga nyumba mwisho wa mtaa. Ukuta kwa ukuta na yeye aliishi dobi, mama mjane, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Ua wake ulikuwa kamba tupu. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, sare za wanafunzi, mashati ya makarani. Asubuhi ukipita pale huoni nyumba, unaona weupe tu unapepea.

Mjomba aliwaambia watu wa mtaa kuwa anachunguza hali ya hewa kwa ajili ya wakulima. Walitazama nguzo zake, wakamwita Bwana Bendera, na yeye jina likamwingia vizuri kuliko lile alilopewa na bibi yangu.

"Bwana Bendera," dobi alimwambia wiki ya kwanza, "hivyo vitambaa vyako vinaoga lini?"

"Havifuliwi, mama. Ndivyo vinavyotakiwa."

"Nani anayetaka kitu cheupe kiwe kichafu? Unanitesa. Kila nikiinua macho naviona."

Akadhani ni mzaha. Siku moja akaenda mjini kupiga simu kampuni, na aliporudi jioni akakuta vitambaa vyake vyote, vile vya nguzo za mbali na za karibu, vimefuliwa, vimetiwa buluu ya kung'arishia, vimepigwa pasi, vimekunjwa na kuwekwa mlangoni kwake kwenye sinia. Kazi ya miezi miwili ilikwenda na maji ya sabuni.

Mjomba ni mtu wa hasira za chinichini. Ninayemjua mimi angefunga mlango asiongee na mtu mpaka mwezi uandame. Badala yake alichukua kile kitambaa cha juu, akakinusa, akaenda ukutani.

"Mama, umevifua?"

"Nimevifua. Na usiniambie asante, ilikuwa kwa ajili ya macho yangu."

Hakumwambia kwamba ameharibu kazi. Aliandikia kampuni kwamba vipimo vimepata hitilafu na itabidi aanze upya. Alipokuwa ananisimulia hili, miaka baadaye, alishindwa kuficha furaha. Alikuwa amepata sababu ya kukaa.

Basi akakaa. Dobi akamzoea, naye akamzoea dobi. Alimsaidia kukamua mashuka mazito, mmoja huku na mwingine kule, wakisokota hadi maji yaishe. Alipata homa, akaletewa uji kupitia ukutani na akatukanwa kwa kutosema mapema. Wana wawili wa dobi, watu wazima wasio na kazi, walimwita mzee na kumwomba maoni juu ya timu ya mpira. Kwa mara ya kwanza maishani mjomba alikuwa na watu ambao wangeuliza yuko wapi akichelewa kurudi. Aliniambia kuwa alijua kabisa anataka nini. Alitaka kustaafu pale, anunue ile nyumba, na amwombe dobi waondoe ukuta. Ila alikuwa bado mwongo mbele yake, na aliapa hatamwomba mpaka siku atakayoweza kumwambia ukweli wote.

Vitambaa vya mara ya pili vikasema wazi. Sehemu kubwa ya mwaka upepo ulipita kwanza kwenye kile kiwanja, kisha juu ya mtaa. Kiwanda kikikaa pale, vumbi la saruji litashuka kwenye mabati, kwenye vifua vya watoto, kwenye maji ya kijito. Lingeshuka vilevile juu ya zile kamba. Mjomba alikiri kwangu kwamba alipofunga macho hakuona vifua vya watoto. Aliona mashuka ya dobi yakiwa rangi ya majivu, na mwenyewe dobi amesimama katikati yake ameshika kiuno.

Mkubwa wake alikuja kwa gari, akazunguka na viatu vyake vya kung'aa, akauliza kwa nini tutengeneze barabara mpya kuzunguka kilima wakati lami iko hapa. Mjomba alisimama kidete. Alisema upande wa pili upepo unapeleka vumbi porini ambako hakuna mtu, na machimbo yako karibu zaidi kwa kule. Alisema pia pasijengwe nyumba yoyote karibu. Waliburutana kwa wiki kadhaa, na mwishowe mjomba akashinda. Kiwanda kikaenda nyuma ya kilima. Yeye akastaafu, akanunua ile nyumba, na mama akapiga vigelegele kwenye simu hadi nikaipeleka mbali na sikio langu.

Siku ya kwenda kumwambia dobi alivaa shati jipya. Alimkuta anaanika, vibanio vimejaa mdomoni.

"Mama, mimi sikuwa mtu wa hali ya hewa. Kile kiwanda cha saruji, mimi ndiye niliyechagua mahali."

Dobi akatoa vibanio kimoja kimoja. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Walitaka kukiweka hapa, kwenye kiwanja. Nikakataa. Leo hii mashuka yako yangekuwa ya kijivu."

Alingoja afurahi. Dobi alitazama kiwanja kitupu, kisha akatazama baraza ambapo wanawe walikuwa wamekaa tangu asubuhi, mmoja amelala kwenye mkeka, mwingine anatafuna kijiti.

"Ungeniuliza," akasema.

"Nilikuwa nimekatazwa kusema. Kampuni…"

"Sisemi habari ya kampuni, Bwana Bendera. Nasema mashuka. Ungeniuliza kama ninayataka."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza mjomba, kwa sababu yeye mama huyu alimjua kwa sauti. Maneno aliyokuwa ameyaandaa, ya kuondoa ukuta, aliyaacha. Alisema, "Haya, nitakuja baadaye," akarudi ndani na shati lake jipya. Baadaye hiyo haikuja.

Yaliyofuata aliyaona akiwa barazani kwake. Wana wa dobi walipata kazi kiwandani, na njia ya kuzunguka kilima ilikuwa ndefu, wakahamia kule. Nyumba ya wageni ilifuata madereva wa malori. Duka la vipuri likafuata nyumba ya wageni, kinyozi akafuata duka, na zahanati ikafungua tawi ambalo baada ya muda likawa ndiyo zahanati yenyewe. Pale porini ambako mjomba aliandika pasikae mtu, paliota mji. Watu wenyewe walikwenda kulikaribia lile vumbi, wamebeba magodoro na kuku, wanaimba.

Dobi alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Alikuja kuaga ukutani, mahali pao.

"Nguo zenye vumbi ziko kule," alisema. "Ovaroli moja ya kiwanda ni kazi ya mashati matano. Nikibaki hapa nitafua nini, hewa?"

"Kifua chako je?"

"Kifua changu kimezaliwa na sabuni ya magadi, hakiogopi kitu. Na wewe uje. Vyumba vipo."

"Kule si mahali pa kukaa watu. Niliandika mwenyewe."

"Basi watu hawakusoma," akasema dobi, na akacheka kile kicheko chake. Alingoja kidogo, mkono juu ya ukuta. Mjomba aliutazama ule mkono mpaka lori lililobeba mapipa ya dobi likapiga honi.

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini hakwenda. Mara anasema nyumba yake haipati mnunuzi, na ni kweli. Mara anasema mtu aliyesema mahali hapafai hawezi kwenda kuishi pale, atakuwa amejitemea mate usoni. Mimi nadhani aliona haya. Alimfanyia mtu jambo kubwa la mapenzi bila kumuuliza, na lile jambo ndilo lililomwondoa. Kutoka hapo mtu anaanzia wapi? Mjomba ana kichwa kigumu, lakini hiki kilikuwa zaidi ya kichwa kigumu. Alikuwa ameumia na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Mwaka huu mama alinituma nikamwone, maana simu zake zilikuwa zimepungua maneno. Niliteremka barabarani nikatembea mtaa mzima bila kusalimiwa. Milango mingine imeng'olewa, imebaki mianya. Kwenye saluni bango lenye picha ya mitindo ya nywele lilikuwa limepauka, wanawake wote wamekuwa weupe usoni. Kijito kilikuwa kinapita safi, kokoto zinaonekana, na hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kukichafua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Pita, pita. Umekonda. Mama yako hapiki?"

Aliharakisha huku na kule akitafuta kikombe cha pili. Kilikuwa nyuma ya kabati, na alikiosha kwa muda mrefu. Tulipokwisha kunywa chai alinishika mkono akanipeleka dirishani, akapitisha kidole kwenye kizingiti, akaninyooshea.

"Umeona?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Hakuna. Hata punje. Nilipima sawasawa."

Alikitazama kile kidole kisafi, na uso wake ukapoteza ile fahari polepole. Kamba za dobi bado zilikuwa zimefungwa ua wa pili, tupu, zinatikisika. Niligeuka nikajifanya natafuta chumvi, ingawa tulikuwa tumekunywa chai tu, kwa sababu machozi yalinijia.

Asubuhi yake niliamka nikasikia kitu kinasuguliwa nje. Nikachungulia. Mjomba alikuwa amechuchumaa kwenye njia iendayo kijitoni, penye udongo mwekundu. Mbele yake alikuwa ameweka mashati yake, meupe, yaliyopigwa pasi na mkunjo bado umo. Alichukua moja, akalikunjua, akalishika kola, akaanza kuisugua chini kwenye udongo, huku na huku, kwa bidii na uangalifu. Akaligeuza, akapaka vikofi, ile miisho ya mikono. Akalinyanyua juani akaliangalia kama limetosha. Kisha akachukua lingine.

Nilirudi kitandani, nikafumba macho, nikakohoa kwa nguvu ili ajue nimeamka.

Alipoingia mikono yake ilikuwa imeshaoshwa. Kulikuwa na furushi mezani.

"Leo ni siku yangu ya kupeleka nguo kwa dobi," alisema, anatazama pembeni. "Huku nguo zinachafuka sana, hujui tu. Ila goti linanisumbua. Kwa kuwa upo, unaweza kunipelekea?"

"Nitapeleka."

"Mwambie ni mashati yangu. Atajua." Akafikiri. "Na uliza kama hajambo kifua."

Nilipanda njia ya miguu ya kilimani. Juu ya kilima upande wa pili unaanza kusikika kabla hujauona: mashine, honi, muziki wa maduka matatu unaopigana, watu wanaitana. Halafu unaona kila kitu ni rangi moja, mabati, miti, hata mbwa. Kijivu kitupu. Dobi alikuwa na banda kubwa sasa na wasichana wa kumsaidia, na ovaroli zimelundikwa kama watu waliolala. Anaanika ndani, chini ya paa. Alikuwa mnene kidogo kuliko nilivyomfikiria, na sauti ilikuwa ileile niliyosimuliwa, isipokuwa ilikatizwa na kikohozi.

Nikamwamkia, nikamwambia nimetumwa na nani. Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea furushi mwenyewe, msichana aliyenyoosha mkono akamwondoa kwa bega. Alilifungua, akatoa shati, akalitandaza juu ya meza. Pale penye kijivu kitupu ule udongo ulikuwa mwekundu wa kupiga kelele. Mkunjo wa pasi ulikuwa bado umo mikononi mwa shati, umenyooka.

Alipitisha kidole juu ya ule mkunjo. Nilitazama chini.

"Anauliza kama hujambo kifua," nikasema.

"Mwambie sijambo." Akakohoa. "Goti ndilo limemzuia?"

"Ndiyo."

"Juma lililopita alikuja mwenyewe. Akakaa pale kwenye kile kiti mpaka zikakauka." Kulikuwa na kiti kando ya mlango, na hakikuwa na vumbi, kilikuwa kimefutwa asubuhi ile. Akaanza kuyakunja yale mashati upya, moja juu ya jingine, polepole. Akayaweka kando, mbali na lundo la ovaroli.

"Mwanangu," akasema bila kuniangalia, "mwambie mjomba wako asisugue sana kwenye kola. Kitambaa kinaisha pale. Akipaka vikofi tu, inatosha."

Nilirudi kuvuka kilima. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni tangu mbali, na kabla sijafika akauliza amesemaje.

"Amesema hajambo kifua," nikamjibu. "Na kiti chako kipo."